Edward Steere (1828–1882): Askofu, mchapaji na msikilizaji wa Kiunguja

Edward Steere alikuwa mwanasheria, kasisi, na baadaye askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Katika historia ya Kiswahili anakumbukwa zaidi kwa kazi aliyoianza mwaka 1864 katika Mji Mkongwe wa Unguja: kuandika, kwa herufi za Kilatini, maneno na masimulizi aliyoyasikia kwa wenyeji, na kuyapiga chapa papo hapo. Sarufi, kamusi na vitabu vya shule vilivyokuja baada yake vilijengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya maamuzi aliyoyafanya kati ya daftari lake na mtambo wake.

Kabla ya Unguja

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika chuo cha University College cha mji huo, akapata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akapokewa katika jamii ya mawakili. Uwakili haukumshika. Aliingia katika utumishi wa Kanisa la Kianglikana, akapewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi miaka miwili baadaye, mwaka uleule alioa. Kufikia mwaka 1862 alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo cha wakulima katika jimbo la Lincolnshire.

Alikwenda Lincolnshire na ujuzi ambao makasisi wachache waliujali. Alipenda kazi za mikono, na miongoni mwazo aliijua kazi ya kupiga chapa: kupanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, kupaka wino, kuvuta mtambo na kusoma nakala ya masahihisho. Jirani na rafiki yake, William George Tozer, aliteuliwa mwaka 1863 kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa imezaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Steere alijitolea kumsindikiza kwa muda mfupi tu.

Kituo cha kwanza cha misheni, katika bonde la Mto Shire, kilikuwa kimekwisha kuwaua watu wake kwa homa na njaa. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki huko mwaka 1862. Tozer na Steere walikaa kwa muda katika mlima Morambala, kisha Tozer akaamua kuhamia Unguja na kuanza upya. Walifika mwezi wa Agosti 1864.

Mji uliokuwa na wino wake

Unguja waliyoikuta haikuwa mahali pasipo na maandishi. Sultani Majid bin Said alitawala kutoka majumba ya ufukweni. Wafanyabiashara wa Kihindi waliweka daftari za hesabu kwa herufi zao. Makadhi na masheikh waliandika hati, barua na fatwa. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya misheni kufika. Tenzi zilinakiliwa kwa mkono, zikapita nyumba hadi nyumba, zikahifadhiwa katika makasha, na kusomwa kwa sauti mbele ya watu.

Maandishi hayo yalimtaka msomaji aijue lugha kabla ya kuisoma. Irabu tano za Kiswahili ziliandikwa kwa alama tatu tu za Kiarabu, hivi kwamba kuku na koko viliweza kuonekana sawa karatasini. Sauti kama p, v, ch na g hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu, na kila mwandishi alizitafutia njia. Kwa mwenyeji hilo halikuwa tatizo kubwa: maana ya sentensi na kipimo cha ubeti vilimwongoza. Kwa mtu anayejifunza lugha kwa kutazama karatasi, lilikuwa ukuta.

Waliopaswa kujifunza hawakuwa wageni wa Kizungu peke yao. Sultani Majid aliikabidhi misheni wavulana watano waliokuwa wamekamatwa kama watumwa. Wengine, wavulana kwa wasichana, waliletwa baadaye baada ya manowari za Kiingereza kuyakamata majahazi yaliyowabeba. Watoto hao walitoka bara, wakizungumza Kiyao, Kinyasa, Kimakua na lugha nyingine. Lugha waliyoweza kuishiriki wao kwa wao, pamoja na walimu wao na mji uliowazunguka, ilikuwa Kiswahili, nao pia walikuwa wakijifunza. Vitabu vya kwanza vya misheni viliandaliwa kwa ajili ya darasa la namna hiyo.

Daftari na mtambo

Steere alianza kwa kuuliza. Alikuwa na maelezo mafupi ya sarufi yaliyotolewa na Johann Ludwig Krapf mwaka 1850, lakini Krapf alikuwa amefanya kazi Mombasa, na mengi aliyoyaandika yalikuwa ya Kimvita. Steere aligundua mapema kwamba alichokisikia Shangani na Mkunazini hakikulingana kila mara na kitabu. Aliamua kufuata sikio. Aliandika orodha za maneno, akazisoma mbele ya wenyeji, akasahihishwa, akaandika tena.

Mwaka 1865, kabla hajatimiza miaka miwili kisiwani, alipiga chapa mkusanyo wake wa kwanza wa maneno na kanuni za Kiswahili cha Unguja. Mtambo ulikuwa katika nyumba ya misheni, na wavulana wa shule walifundishwa kupanga herufi. Karatasi hizo hazikutolewa kama kitabu kilichokamilika. Zilikuwa nakala za kufanyia kazi: ziligawiwa, zikasomwa, makosa yakaonekana, na toleo lililofuata likapata faida. Mwaka 1867 alitoa mkusanyo kama huo wa Kishambala, na mwaka huohuo kikatoka kitabu kidogo cha hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, kwa kupitia masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Mfanyabiashara wa Venisi na Mfalme Lear waliingia hivyo katika Kiswahili, kwa nathari, takriban miaka mia moja kabla ya tafsiri za Julius Nyerere.

Kuwa na mtambo karibu kulibadilisha namna ya kusahihisha. Hati iliyopelekwa London ilirudi ikiwa kitabu baada ya miezi mingi, na kosa lililopita lilidumu kwa nakala zote. Karatasi iliyopigwa chapa Unguja asubuhi iliweza kusomwa kwa sauti jioni mbele ya mtu aliyezaliwa na lugha, na neno lililomkera likaondolewa kesho yake. Ubora wa kazi ya Steere, ambao watafsiri wa baadaye waliukiri, ulitegemea sana ufupi wa njia hiyo baina ya kinywa na karatasi.

Hadithi za wenyeji

Kutokana na vikao hivyo vya kusikiliza kulitokea kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichochapishwa London mwaka 1870, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna kisa cha Sultani Darai na paa aliyemtajirisha maskini. Kisa cha punda wa dobi, ambamo kima anajiokoa na papa kwa kumwambia kwamba moyo wake ameuacha mtini. Na kisa cha mwalimu Goso, ambaye wanafunzi wake wanamtafuta aliyesababisha kifo chake kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Mna pia habari za Liongo na utenzi wa Ayubu.

Mmoja wa waliomsaidia katika kazi hiyo alikuwa kijana wa Unguja, Hamisi wa Kayi. Steere alimtaja katika dibaji na kumsifu kwa wepesi wa kufahamu kile ambacho mgeni alitaka kujua na kwa uwezo wa kulifafanua jambo gumu. Kwa mwanafunzi wa leo sifa hiyo ina uzito. Mtu anayeweza kusikia swali baya, akalitambua swali zuri lililofichwa ndani yake, na kulijibu kwa mfano, anafanya kazi ya mwanaleksikografia. Hamisi aliifanya kazi hiyo, lakini jalada lilibeba jina la askofu mtarajiwa peke yake, na wasimulizi wakaitwa kwa jumla wenyeji wa Zanzibar. Katika katalogi nyingi za maktaba hali ni hiyo hadi leo.

Masimulizi hayo yalimpa Steere kitu ambacho orodha ya maneno haikuweza kumpa: sentensi ndefu za watu wazima wanaosimulia kwa starehe. Ndani yake kuna kiambishi cha -ka- kinachosukuma tukio baada ya tukio, kuna kupanda na kushuka kwa mazungumzo ya sokoni, na kuna adabu ya kumjibu sultani. Mengi ya mifano iliyotumika katika sarufi yake yana harufu ya vikao hivyo.

Kitabu cha sarufi cha 1870

Mwaka huohuo wa 1870 kilitoka kitabu chake kikuu, mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja. Kila aina ya maneno ilielezwa na kufuatiwa na orodha ya Kiingereza kwa Kiswahili. Sehemu ya pili ilikuwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Nomino aliziweka katika ngeli nane, akihesabu umoja na wingi pamoja, akiwapa mahali ngeli ya peke yake na vitenzi-jina ngeli ya mwisho. Wanaisimu wa Kibantu baadaye walihesabu umoja na wingi mbalimbali na kupata namba kubwa zaidi. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha kwa jozi za m-wa na ki-vi anatembea katika njia iliyo karibu sana na ile ya Steere.

Tahajia yake haikuwa ya leo. Aliandika fetha na thahabu, kwa kuwa alitumia th kwa sauti mbili ambazo sasa tunazitenga kuwa th na dh. Aliandika killa kwa l mbili na hatta kwa t mbili, na jina la Mwenyezi Mungu kwa u mbili, Muungu. Msomaji anayefungua matoleo ya kale hupata tabu kidogo kwa maneno ya mkopo kutoka Kiarabu. Akiisha kuitambua kanuni, matini husomeka bila shida. Mfuatano wa konsonanti na irabu alioukubali, irabu zikisomwa kwa thamani moja daima, umebaki karibu ulivyo.

Viambatisho vya kitabu vinaonyesha upana wa usikivu wake. Alieleza namna barua zilivyoanzwa na kumalizwa kwa heshima, akazungumzia lugha ya ushairi, tena akaeleza Kinyume, mchezo wa vijana wa kuficha maneno kwa kuitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza, ambapo kitabu huwa bukita. Mtu mwenye haja ya kuhubiri tu angeweza kuyaacha mambo hayo.

Kitabu kilikuwa na mipaka yake pia. Kiunguja alichokieleza ni cha mjini. Lahaja za kisiwa chenyewe nje ya mji, kama vile Kimakunduchi upande wa kusini na Kitumbatu upande wa kaskazini, zilibaki pembeni. Msemaji wa Makunduchi aliyefika Darajani kuuza mazao yake aliongea lugha ya kisiwa hichohicho, lakini lugha yake haikuingia katika kitabu kilichoitwa kwa jina la kisiwa.

Sokoni Mkunazini

Steere alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1868 na kushika tena kazi ya kijijini. Habari kutoka Unguja zilikuwa mbaya: kipindupindu kiliupiga mji, na Aprili 1872 tufani kubwa likaangusha mikarafuu na majumba. Misheni ilikuwa karibu kuzimika, na afya ya Tozer ilikuwa imevunjika. Mwaka huo wa 1872 Steere alirudi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Sehemu ya kiwanja cha soko la Mkunazini ilinunuliwa kwa ajili ya misheni, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, akiezeka kwa kuba la mawe ya matumbawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji, jambo ambalo mafundi wengi hawakuliamini mpaka walipoona mbao za kuegemeza zimeondolewa na kuba limesimama. Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko London, katika kanisa la Westminster Abbey, kisha akarejea kwenye kazi ileile.

Kiswahili alichokuwa amekikusanya kilipata mtihani wake Mkunazini. Alihubiri kwa Kiswahili, na miongoni mwa waliokuja kumsikiliza walikuwamo Waislamu waliojua lugha kuliko yeye na dini yao vilevile. Mbele ya hadhira hiyo kosa la upatanisho lilisikika mara moja. Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa hadi mji wa Mataka, chifu wa Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la waliokombolewa utumwani kurudi bara, wakaanzisha makazi ya Masasi. Vitabu vya Unguja vilisafiri nao, na Kiunguja cha chapa kikaanza kusomwa mbali na bahari.

Wakati huohuo mtambo wa pili ulifika mjini. Kuelekea mwaka 1880 Sultani Barghash alianzisha kiwanda chake cha chapa, kikatoa vitabu vya Kiarabu vya fikihi ya Kiibadhi, miongoni mwavyo juzuu za Qamus al-Sharia. Mji mmoja ulikuwa sasa na chapa mbili: moja ilitumia herufi za Kiarabu kwa Kiarabu cha wanazuoni, nyingine herufi za Kilatini kwa Kiswahili cha wanafunzi. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kilichokuwa na historia ndefu kuliko zote mbili hapo pwani, kiliachwa na mitambo hiyo katika kalamu za wanakili. Jambo hilo lilikuja kuwa na matokeo makubwa. Serikali za kikoloni zilipoanza shule na ofisi zao, zilikuta vitabu tayari katika herufi za Kilatini. Na mtu aliyejua kusoma na kuandika kama babu yake alivyojua akaanza kuhesabiwa kuwa hajui.

Miaka ya mwisho

Tafsiri ya Biblia ilikuwa kazi ya kila siku. Steere alianza na vitabu vimojavimoja, Injili na Zaburi, akavipiga chapa, akavirekebisha, na kabla ya kufa alikuwa amekamilisha Agano Jipya lote. Alipendelea neno linalojulikana sokoni pale lilipotosha, na neno la Kiarabu pale ambapo wenyeji walikwisha kulipa uraia. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa Sultani Majid.

Afya yake ilidhoofika. Alikwenda Uingereza, akarudi Unguja Agosti 1882 akiwa na kazi ya kitabu cha Isaya mkononi, na baada ya siku chache, tarehe 27 ya mwezi huo, akafariki. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga Mkunazini. Mwaka huohuo ilichapishwa kamusi kubwa ya Krapf, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla yake.

Alichoacha

Kazi haikusimama. Mwaka 1888 shule ya misheni ya Kiungani ilianza kutoa Msimulizi, mojawapo ya majarida ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, ambamo Waafrika waliosoma waliandika habari za vituo vyao. Biblia nzima katika Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Arthur Cornwallis Madan alirekebisha mwongozo wa Steere, kisha akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaitia nguvu. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 zilijengwa juu ya zile za Madan, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuja katika ukoo huohuo.

Waliopinga uamuzi wa 1928, hasa wapenzi wa Kimvita na Kiamu, walikuwa na hoja: ushairi mkubwa wa pwani haukutungwa kwa lahaja ya Mji Mkongwe. Hoja yao haijibiwi kwa kusema kwamba Kiunguja ni bora. Kiunguja kilikuwa na biashara iliyokipeleka bara na kilikuwa na mtambo wa chapa mapema; vitabu vilikuwa tayari, na kamati huwa mepesi kuchagua kilicho tayari. Hilo ni fundisho kwa kila zama zinazobadili chombo cha maandishi: lahaja na tahajia zinazoingia kwanza katika chombo kipya hupata nguvu ambayo ubora peke yake hautoi.

Leo vitabu vya Steere vimo katika maktaba za intaneti, na mwanafunzi aliyeko popote anaweza kuvifungua bila kulipa. Zanzibar nayo imeendelea kuandika kamusi zake. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Anayevisoma vitabu vya kale afanye vema kuangalia mambo matatu: thamani ya th, konsonanti zilizorudiwa bila sababu ya matamshi, na maneno ambayo maana yake imehama tangu wakati huo. Akiyazingatia hayo, atasikia Kiswahili cha Shangani cha miaka ya 1860 kikizungumzwa na vijana kama Hamisi wa Kayi, ambao wengi wao hawakutajwa kwenye jalada.